Tuliombea Yen

Jumamosi, 26 Aprili

Leo nimeanza kazi ya wanafunzi kwenye duka la chokoleti karibu na Grand-Place, hapa Brussels, siku za Jumamosi na za likizo. Tantine Viviane ndiye aliyenisemea kwa Madame Claes, mwenye duka. Tantine si dada wa mama kwa damu. Wanasali pamoja kila Jumapili huko Molenbeek, katika cellule ya watu wanaoomba kwa Kiswahili, na hiyo inatosha.

Somo la kwanza halikuwa la chokoleti, lilikuwa la mifuko midogo ya kutilia maboksi.

"Angalia, Larissa. Mujapani akinunua boîtes cinq, unatia na tusachet cinq. Yeye hataomba. Atangoya tu, na atasikia haya."

"Juu ya nini, tantine?"

"Juu zile boîtes haziko zake. Moja ya chef wake, moja ya voisine, moja ya mama mukwe. Kila muntu na sachet yake. Ni kama kwetu tu. Unatoka voyage na mikono bule, utaingilia mulango gani?"

Naandika kwa Kiswahili sanifu kwa sababu papa alikuwa mwalimu Lubumbashi kabla ya kuja huku kufunga milango ya magari kiwandani. Kiwanda chake hapa Forest kilifungwa Februari, kwa hiyo siku hizi ana muda mwingi wa kunisahihisha imla. Shajara hii haisahihishi. Ni yangu.

Jumatatu, 28 Aprili

Likizo. Kwao Wajapani hii ni wiki ya sikukuu nyingi, na Madame aliniajiri kwa ajili yake. Leo wamekuja wawili, mume na mke. Walipiga picha ya kibandiko cha bei, wakanong'onezana, wakanunua boksi moja dogo kabisa. Niliwapa mfuko mmoja. Mke aliinama kidogo kunishukuru, nami nikainama, tukawa kama tunapokezana.

Jumatano, 30 Aprili

Jua. Hakuna mtu. Tumefuta vioo ambavyo vilikuwa safi.

Ijumaa, 2 Mei

Tantine amenieleza zamani ilikuwaje. Mabasi yalishusha watu nyuma ya kituo kikuu, guide anatembea mbele na kibendera, watu arobaini nyuma yake kwa mstari kama wanafunzi. Duka lilijaa hadi barabarani. Tantine alijifunza kuhesabu Kijapani, kusema karibu, kusema hii haina pombe, kusema hii itafika Tokyo bila kuyeyuka. Wengine walirudi baada ya miaka wakamuuliza kwa jina.

"Na sasa?"

Alicheka, akatazama mlango kwanza. Madame hushinda kwenye karakana yao ya Etterbeek, lakini huja mchana wowote.

"Sasa? Kuko asubui ingine minangoya muntu moja tu. Moja. Minakunja tusachet, minakunjua, minakunja tena, ili mikono isisinzie. Mais hiyo inabakia kati yetu, eh."

Nikasema ndiyo, tantine.

Jumapili, 4 Mei

Cellule nyumbani kwa papa Bertin. Yeye ndiye kiongozi wetu. Sebule yake ina viti vya plastiki ambavyo mkewe hatoi tena, vinaishi hapo. Tantine Viviane ameomba tumwombee mama yake, mama Nabintu, aliye Bukavu. Tangu vita viingie mjini mwaka huu, halali vizuri, na macho yake yanazidi kufifia. Tantine anataka kumleta kwa miezi mitatu apumzike na aonwe na daktari. Ili visa itoke, tantine lazima asaini kwamba yeye ndiye atakayembeba kwa kila kitu, na waone mshahara wake ni wa kutosha na wa kudumu.

"Kudumu unadumu," akasema. "Onze ans, miaka kumi na moja pale kwa chokola. Hata Yakobo hakutumikia mingi hivyo."

"Yakobo alitumikia mingi kupita wewe," papa Bertin akasema. "Na baba mukwe alimudanganya."

Watu walicheka. Yeye alicheka kuliko wote.

Jumatatu, 12 Mei

Shule. Mwalimu wa uchumi ametupa kazi ya mwisho wa mwaka. Kila mtu achague jambo analoliona kwa macho yake mwenyewe na kulieleza kwa thamani ya sarafu. Tutazungumza mbele ya darasa mwezi wa sita. Nilijua papo hapo nitachagua nini.

Alhamisi, 15 Mei

Nimesoma hadi macho yanauma. Yen imedhoofika mno mbele ya euro. Mshahara wa Mjapani haukupanda kwa miaka mingi, kwa hiyo chakula cha mchana kilekile hapa Brussels kinamgharimu karibu maradufu. Ndege zao siku hizi zinazunguka mbali kukwepa anga ya Urusi. Safari imekuwa ndefu na tiketi ghali. Ni kama Mjapani mmoja tu kati ya sita mwenye pasipoti. Wanaosafiri wanakwenda karibu, Korea au Taiwan, au wanabaki kwao na chemchemi zao za maji moto.

Kumbe yule mke aliyenong'ona mbele ya kibandiko hakuwa bahili. Sarafu yake ilikuwa imemnyang'anya zawadi nne kabla hajapanda ndege.

Nimeiandika sentensi hiyo. Nadhani ni nzuri.

Jumamosi, 17 Mei

Siku njema kuliko zote tangu mwaka uanze. Mchana tantine alikwenda kula, Madame Claes akaingia, duka tupu. Akaniuliza shule inaendaje. Nikamwambia habari ya kazi yangu, akasema, "Nisikilizishe."

Nilisimama mbele ya vioo nikamtolea yote bila karatasi. Hakuchezea simu hata mara moja. Nilisema yen, nilisema mishahara, nilisema ndege. Nilisema, "Mfanyakazi mmoja anakiri kwamba asubuhi nyingine humsubiri mteja mmoja tu." Sikutaja jina; mwalimu alitufundisha kwamba chanzo hulindwa hivyo. Kisha nikafika kwenye pendekezo, kwa sababu mwalimu husema kazi isiyo na pendekezo ni kazi isiyokwisha. Pendekezo langu ni kwamba maduka ya aina hii yapunguze saa za kudumu za katikati ya wiki, yaongeze wanafunzi siku za Jumamosi, na yajifunze ladha za wageni Wahindi, ambao wanaongezeka.

Madame akasema, "Una miaka kumi na sita, na mhasibu wangu hajawahi kunieleza vizuri hivyo."

Nilirudi nyumbani kwa tramu nikiwa nimesimama, ingawa viti vilikuwepo.

Jumatano, 21 Mei

Hakuna mvua tena. Papa amepanda nyanya kwenye balcony na kuzimwagilia mara nyingi kuliko zinavyohitaji.

Jumamosi, 24 Mei

Asubuhi Madame aliniita kwanza. Akaniuliza kama ninaweza kufanya Julai nzima, na kuanzia Septemba Jumamosi zote. Nikasema ndiyo, asante Madame. Nilianza kuwaza safari ya darasa na jinsi maman hatalazimika kuniambia "tutaona" nikiomba pesa.

Kisha akamwita tantine Viviane kule nyuma, kwenye maboksi. Mlango ulifungwa. Niliuza truffles kwa Mholanzi mmoja.

Tantine alitoka, akachukua rundo la vifuko, akaanza kukunja.

"Anasema juu ya Wajapani," akaniambia, bila kuinua macho. "Kuanzia premier juillet niko mi-temps, nusu tu. Asubui za katikati ya semaine zote banaondoa. Ama nisaini ile, ama préavis, nitoke."

"Umesaini?"

"Ningefanya je?"

Baadaye, tukifunga duka, akasema kama anayejiuliza mwenyewe, "Lakini ule mama alijua je kama asubui niko nangoya muntu moja? Yeye haifikaka asubui za semaine."

Nilikuwa naokota karatasi sakafuni. Nikaendelea kuokota.

Sasa nimekaa na kalamu na nataka kuandika kwamba sikumtaja. Ni kweli sikumtaja. Lakini dukani tuko wafanyakazi wawili, na mmoja ni mimi. Nilisema "saa". Kichwani mwangu saa hizo hazikuwa za mtu, zilikuwa mstari kwenye mchoro wangu, wa rangi ya bluu.

Jumapili, 25 Mei

Nitaandika yote, kwa mpangilio, ingawa sitaki.

Tantine aliomba neno kwanza. Akaeleza cellule kwamba kazi imekatwa nusu, na kwamba kwa nusu mshahara commune, yaani serikali ya mtaa, haitakubali saini yake, kwa hiyo mama Nabintu hawezi kuja. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayesoma tangazo la mwingine. Mke wa papa Bertin alimshika goti.

Halafu maman akasimama. Maman Antoinette wangu, aliyetoka kazini moja kwa moja kutoka kwenye nyumba ya wazee, bado na viatu vyeupe. Jana nilikuwa nimemwambia habari ya Julai tu. Alikuwa ameoka keki ya action de grâce, ya kumshukuru Mungu, na haikuweza kurudi kwenye mfuko.

"Bapendwa, mutaniachilia," akasema. "Najua Viviane eko na machozi. Lakini siwezi kunyamazia Mungu. Papa yake hana kazi tangu février, na sasa Bwana amefungulia mutoto mulango. Juillet yote, na ma-samedi yote. Nasema aksanti."

Watu walipiga makofi, kwa adabu. Tantine Viviane alipiga makofi pia. Alisema, "Mutoto anatumikaka muzuri." Kisha akakata keki, kwa sababu ndiye aliyekuwa karibu na kisu, akanipa kipande cha kwanza.

Nilikila. Sikujua mtu afanye nini kingine na kipande cha keki.

Papa Bertin akauliza, "Sasa adui yetu ni nani hapa? Tuombe dhidi ya nini?"

"Yen," tantine akasema. "Madame anasema ni yen."

"Yen ni muntu?"

"Ni franka ya Wajapani, papa."

"Alors, tutaombea yen." Hakuwa anatania. "Mungu aliumba na Wajapani. Lakini ipande ao ishuke? Siwezi kupeleka ombi mbaya. Larissa eko anasoma mambo hii. Simama, mwanangu, utufundishe."

Nikasimama. Nikaeleza kwamba kwenye simu wataona namba ya yen kwa euro moja, na namba hiyo ikipanda, maana yake yen imeanguka. Kwa hiyo tuombe namba ishuke. Papa Bertin aliniomba nirudie. Maman akanitazama kwa uso ule wa siku za kupokea matokeo ya shule. Ndipo wakapiga magoti, wakaomba namba ishuke, na papa Bertin akatangaza mfungo wa kila Jumatano hadi mwisho wa Juni. Nilipiga magoti katikati ya maman na tantine. Tantine alikuwa amenishika mkono.

Jumatano, 28 Mei

Tumefunga. Namba imepanda kidogo.

Jumatano, 4 Juni

Tumefunga. Imepanda tena. Maman amefanya kazi ya usiku bila kula chochote, kwa ajili ya sarafu ambayo hajawahi kuigusa.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Papa Bertin anasema imani haitazami simu. Kisha akanivuta pembeni aangalie simu yangu.

Jumamosi, 14 Juni

Nilifika mapema nimwone Madame peke yake. Nilikuwa nimejiandaa kama kwa mtihani. Nikamwambia sitaki Julai, na kwamba pendekezo langu lilikuwa zoezi la shule tu, na kama anaweza kumrudishia tantine Viviane asubuhi zake.

Hakukasirika. Ingekuwa rahisi kama angekasirika. Alinikalisha akaniambia kwamba hesabu alikuwa nazo tangu majira ya baridi, kwamba mwanafunzi humgharimu kodi kidogo kuliko mfanyakazi wa kudumu na kila mwenye duka anajua hilo. "Wewe ulinipa maneno tu," akasema. "Nilikuwa nayatafuta."

Njiani nilijaribu kujifariji. Ingetokea tu. Niliisema sentensi hiyo kutoka Grand-Place hadi nyumbani, na kila kituo ilizidi kukosa uzito. Maana kama alikuwa na hesabu tangu baridi na hakufanya kitu, basi kitu kilichokosekana ni kile nilichomletea.

Jumatatu, 16 Juni

Nimemwambia papa. Alikuwa akifunga nyanya kwenye kijiti. Sikulia; nilieleza kama mwanafunzi anayeeleza kazi yake.

Hakuniuliza kwa nini. Alifunga fundo, akasema, "Kule kwa kiwanda balituita mu salle kubwa. Ule mubwana alisema *volumes*. Volumes za motokari zimeshuka. Alisema saa nzima. Mie nilikuwa namungojea aseme Mwenze."

Ndilo jina la papa. Akaniacha hapo na makopo yake ya maji.

Jumamosi, 21 Juni

Joto. Chokoleti zote tumezirudisha kwenye baridi, vioo vitupu. Saa za mchana nikamwambia tantine Viviane kwamba ni mimi niliyemwambia Madame.

Alikuwa akikunja vifuko. Aliacha.

"Ulimwambia nini exactement?"

"Ile kazi yangu ya shule."

"Rudilia. Kama vile ulifanya kwake."

"Tantine..."

"Simama pale ulisimama, Larissa. Rudilia."

Nilisimama mbele ya vioo. Nikaanza. Nilisema yen, nikasema mishahara, nikasema ndege. Sauti yangu ilikuwa ileile nzuri ya darasani na sikuweza kuipata nyingine. Nilipofika kwenye zawadi nne alitikisa kichwa kidogo, kwamba ni kweli. Nikasema, "Mfanyakazi mmoja anakiri kwamba asubuhi nyingine humsubiri mteja mmoja tu."

"Ule ni mie."

"Ndiyo, tantine."

"Nilikuambia ibakie wapi?"

"Kati yetu."

"Bon. Endelea."

Nikasema pendekezo. Maduka yapunguze saa za kudumu za katikati ya wiki.

"Saa za nani?"

"Za tantine Viviane."

Mtalii mmoja alisukuma mlango, akaona vioo vitupu, akatoka.

"Mie ndiye nilikuleta hapa," akasema. "Nilimwambia Madame, huyu mutoto eko na adabu." Akachukua tena vifuko. "Kesho utasema kwa cellule. Sitasema mie. Bantu balikaa na njaa juu ya yen, banapashwa kujua."

Nikamuuliza kama atanisamehe. Akasema, "Usiniulize hivyo leo. Minatumika."

Jumapili, 22 Juni

Nimesema.

Nilisema nikiwa nimesimama palepale nilipowafundisha namba ishuke. Sikutumia maneno ya kazi yangu. Nilisema tantine Viviane aliniambia siri, nikaipeleka kwa mwenye duka ili anisifu, akanisifu, na asubuhi za tantine zikaondoka. Nilisema nilijua tangu siku ile ya keki.

Viti vya plastiki hulia mtu akihema tu. Havikulia.

Papa Bertin akasema polepole, "Donc tulifunga bule."

"Yen imeanguka kweli, papa," nikasema. "Sikudanganya hapo."

"Nasikia. Ulitupa ukweli moja, ukafichia ingine ndani yake."

Maman aliinuka. Nilidhani anakuja kwangu. Alipita, akaenda kupiga magoti mbele ya kiti cha tantine Viviane, na viatu vyake vyeupe vikabaki nyuma yake vikitazama dari.

"Viviane," akasema, "nilishukuru Mungu juu ya mukate yako. Mbele yako. Na keki nilikukatisha weye."

Tantine akamwinua. Ilimchukua nguvu, kwa sababu maman hakutaka kuinuka.

"Antoinette, simama. Haukujua."

"Mutoto ni wangu."

"Mutoto ni wako, ndiyo," tantine akasema.

Nyumbani maman aliosha sahani ya keki, ile ya mwezi uliopita, ambayo ilikuwa imeoshwa tayari.

Alhamisi, 26 Juni

Nimezungumza mbele ya darasa. Nilipofika kwenye pendekezo nilisema sina. Nilisema nimejifunza kueleza kwa nini wageni hawaji, lakini sijui anayewangoja afanye nini, na sitaki kusema neno nisilolijua. Mwalimu akanikumbusha, kwa upole, kwamba kazi bila pendekezo haijakwisha. Nikasema ndiyo, madame, haijakwisha. Ameandika kitu. Nitapata alama pungufu, na hiyo ni haki.

Jumapili, 29 Juni

Maman ameuliza kule kwenye nyumba ya wazee, Etterbeek. Kuna mtu wa jikoni anaondoka Agosti, asubuhi za katikati ya wiki. Amempelekea tantine namba ya simu, bila maneno mengine. Papa anasema tusiseme mlango umefunguka. Tuseme kuna mlango.

Jumanne, 1 Julai

Joto kali kuliko jana. Leo ni asubuhi ya kwanza ya tantine bila kazi. Nimewaza anafanya nini na mikono yake.

Madame amempata mwanafunzi mwingine wa Julai. Nilijua angempata.

Jumapili, 6 Julai

Shule imefungwa Ijumaa. Nilidhani leo papa Bertin ataniruka, na ningeelewa. Madirisha yake yote yalikuwa wazi na sauti za soko zilipanda hadi ndani. Tantine Viviane alikuja amechelewa, akakaa mstari wa nyuma yangu. Alikuwa amewapigia simu wale wa nyumba ya wazee. Watamwita, au hawatamwita. Mama Nabintu mwaka huu haji. Alisema hilo kwa kila aliyemsalimia, kwa sauti moja, hata kwangu.

Wakati wa maombi ulipofika, papa Bertin alivua miwani yake.

"Larissa. Tuko tunaombea nini leo? Ipande ao ishuke?"

Kuna aliyecheka kidogo, si kwa ubaya. Nikasimama. Sikuwa nimetazama simu tangu Jumatano.

Nikasema, "Tumwombee mama Nabintu, mama ya tantine Viviane, aone vizuri hadi siku atakayopanda ndege. Na tumwombee tantine Viviane apate asubuhi zake." Nikasema majina yote mawili tena, taratibu, kwa sababu mara ya kwanza sauti yangu ilikuwa imefifia.

Walisema amina. Nilikuwa nimeupa mgongo mstari wa tantine, sikuweza kuona midomo ya mtu. Nilisikiliza tu, nikitafuta sauti moja ndani ya zile nyingi. Nadhani ilikuwemo.